Meno katika Picha: Habari ya Kurekebisha Sura, tangu Penseli hata Kompyuta

Katika kazi zote za mpiga picha, pengine hakuna iliyo ndogo kwa kipimo na kubwa kwa matokeo kama kazi ya kuyafanya meno meupe. Meno huchukua sehemu ndogo sana ya sura ya mtu, nayo hufichwa na midomo kwa muda mrefu wa siku. Lakini mtu anapochukua picha yake dukani, huitazama kwanza machoni, kisha mdomoni. Na ikiwa mdomoni haridhiki, sifa zote nyingine za picha ile hazimfai kitu. Wapiga picha wameijua siri hii tangu zamani, na kwa sababu ya siri hii wamebuni njia nyingi, nyingine za subira na nyingine za haraka. Nia yangu ni kueleza njia hizo zilivyofuatana, na kuuliza kila moja iliacha nini na iliondoa nini. Swali hili si la wapiga picha peke yao, maana sisi tunaosoma historia twazitumia picha kama tunavyotumia nyaraka, wala mara nyingi hatuulizi nani alizigusa kabla yetu.

Mahali pa kulitazamia jambo hili ni Kihesa. Kihesa ni kata ya mji wa Iringa, mji ambao jina lake latokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Hapo barabara ya Dodoma huuacha mji, na karibu yake wanafunzi ni wengi, kwa kuwa upande huo ndiko kilipo Chuo Kikuu cha Iringa, kilichopata jina hilo mwaka 2013 baada ya kuwa chuo kishiriki cha Tumaini. Penye wanafunzi wengi pana picha nyingi: picha ya fomu, picha ya kitambulisho, picha ya hati ya kusafiria, na juu ya zote picha ya mahafali, yenye joho na kofia, ambayo hutiwa katika fremu na kupelekwa kwa wazazi. Picha hii ya mwisho husafiri mbali. Mwanafunzi aweza kuwa ametoka Makete au Mufindi, au aweza kuwa ametoka Arumeru, Bukoba, au Pemba. Kwa hiyo mwenye studio ndogo ya Kihesa, ambaye huenda hajatoka nje ya mkoa wake, hupitisha mbele ya macho yake meno ya nchi nzima.

Nasema meno ya nchi nzima kwa makusudi. Jino ni hati. Gamba gumu la meno ya mbele hujengwa utotoni, na likiisha kujengwa halibadiliki tena. Kwa hiyo maji aliyokunywa mtoto katika miaka yake minane ya kwanza huandikwa humo, na maandishi yake husomeka akiwa mzee. Watu wa miteremko ya Mlima Meru, na wa sehemu nyingi za Arusha na Kilimanjaro, wanajua vema maneno haya. Ardhi ya volkano huko hutia madini ya floridi katika chemchemi na mito, na magadi yanayotiwa katika maharagwe na makande ili yaive upesi huongeza kiasi chake. Meno ya mtoto hutoka na madoa meupe kama chokaa, au rangi ya kahawia, na penye floridi nyingi sana huwa na vishimo. Shirika la Afya Duniani hushauri floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Tanzania, mwaka 1974, ilipojua kwamba vijiji vingi visingepata maji kabisa kama kipimo hicho kingeshikwa, iliweka kwa muda kipimo cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, na baadaye ikakipunguza. Huko Ngurdoto kikawekwa kituo cha kutafiti namna ya kuiondoa floridi kwa kuyachuja maji katika mifupa iliyochomwa. Basi kijana mwenye meno ya kahawia hakukosa mswaki, bali alizaliwa chini ya mlima wa namna fulani katika miaka fulani, na nchi yake ilikuwa imechagua kati ya maji hayo na ukosefu wa maji. Haya yote yamo katika jino lake.

Zaidi ya maji, desturi nazo huandika. Tambuu ya pwani huacha wekundu. Wamasai wameng'oa meno mawili ya chini ya mbele kwa karne nyingi. Wamakonde na wengineo walichonga meno yao, wala si kwa adhabu bali kwa uzuri. Waswahili walihesabu mwanya kuwa pambo la uso, na mtu wa pwani aliyejaliwa fedha aliweza kuweka jino la dhahabu ili acheke nalo. Na yako mambo ya huzuni: mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa mkosi. Kwa watu wetu jino halikuwa kipande cha mfupa kisicho na maana, kilichotakiwa tu kiwe cheupe na kinyooke.

Mfano mmoja wafahamika na kila Mtanzania, ijapokuwa wachache wameutazama vizuri. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alichongwa meno yake ya juu ya mbele yakawa na ncha, kwa desturi ya Wazanaki, angali kijana. Kwa meno hayo alisoma Tabora na Makerere, akaenda Edinburgh mwaka 1949, na mwaka 1955 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York kuitetea Tanganyika. Alikuwa mtu wa kucheka. Katika picha nyingi anazocheka, ncha zile zaonekana. Hebu msomaji afikiri kama kila picha yake ingalipitia mkono wa mtu mwenye haraka aliyezoezwa kwamba meno mazuri ni ya namna moja. Tungalikuwa na Rais wa kwanza mwenye meno ya tangazo la dawa ya meno, na mtoto wa Kizanaki angaliondolewa katika uso wake bila mtu yeyote kutoa amri.

Sasa turudi nyuma kidogo. Sanaa ya picha ilipotangazwa Ufaransa mwaka 1839, hakuna aliyeyahofia meno, kwa sababu hayakuonekana. Aliyepigwa picha alipaswa kutulia muda mrefu, hata shingo yake iliegemezwa kwenye chuma nyuma ya kiti, na tabasamu ni kitu kigumu kutuliza. Tena desturi ya watu wakubwa wa Ulaya, waliorithi namna ya kukaa kutoka kwa wachoraji, ilikuwa kufunga mdomo. Tabasamu liliingia polepole, kamera zilipokuwa nyepesi na za haraka, na watu walipoanza kujipiga wenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikusanya maelfu ya picha za wanafunzi wa shule za Marekani za tangu mwaka 1905 hata 2013, wakazipima kwa kompyuta, wakaona kwamba midomo ilizidi kukunjuka miaka ilivyokwenda. Meno katika picha, basi, ni mambo ya karne ya ishirini. Kurekebisha sura kulitangulia. Inatajwa kwamba Mjerumani wa Munich, Franz Hanfstaengl, alionyesha katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1855 picha mbili za mtu mmoja, moja iliyoguswa na moja isiyoguswa, na watu wakashangaa. Tangu hapo hakuna mteja aliyeitaka ile ya pili.

Kazi ilifanywaje? Mkono wa zamani ulikuwa na akili ambayo twaelekea kuisahau. Katika negativu kila kitu kimegeuka: cheupe ni cheusi, na cheusi ni cheupe. Ukitaka jino liwe jeupe katika karatasi, yakupasa uliongezee weusi katika kioo. Fundi aliiweka negativu juu ya meza iliyoinama, yenye tundu na kioo cha kuakisi mwanga wa dirisha kutoka chini, kisha akapaka juu yake utomvu uliolainishwa kwa tapentaini ili penseli ipate kushika. (Ulaya ilihitaji sana utomvu wa namna hii kwa vanishi zake, sandarusi yetu ya mrima ilisafirishwa kwa majahazi na merikebu kwa haja hiyo hiyo karne nzima ya kumi na tisa.) Penseli yake ilikuwa ngumu, nayo ilichongwa ikawa ndefu na nyembamba kama sindano. Kwa ncha hiyo aliligusa jino moja moja kwa mistari midogo isiyoonekana kwa macho matupu. Katika kioo kikubwa cha studio jino lilikuwa kadiri ya punje ya mchele, kwa hiyo kazi iliwezekana. Lakini aliyekosa subira alimpa mteja meno ya chokaa yaliyoungana kama ukuta. Njia nyingine ilikuwa kuifanya kazi juu ya picha yenyewe, kwa brashi ndogo na dawa ya kupunguza weusi ambayo E. Howard Farmer wa Uingereza aliieneza katika miaka ya 1880. Dawa hiyo haikusamehe. Tone lililozidi lilikula mdomo.

Kwa nini meno yalihitaji msaada huo, hata ya mtu mwenye meno safi? Sababu ilikuwa katika kemia. Vioo vya kwanza viliona rangi ya buluu na urujuani tu. Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua mwaka 1873 kwamba rangi fulani zikitiwa katika dawa ya kioo huifanya ione kijani na manjano pia, na vioo vilivyoona rangi zote viliuzwa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Kabla ya hapo, na hata baada yake kwa waliotumia filamu rahisi, manjano yalitoka kuwa giza. Jino ambalo machoni mwa mama yake ni jeupe, lenye manjano kidogo kama pembe ya ndovu, kamera ilisema ni kijivu. Penseli ya fundi wakati huo, kwa kweli, haikudanganya. Ilisahihisha uongo wa kemia.

Kwa watu weusi hesabu iligeuka. Ngozi yetu huakisi wekundu zaidi kuliko buluu, na filamu isiyoona wekundu iliizamisha gizani. Aliyefungua lenzi kwa kipimo cha uso wa Mzungu alipata uso wa Mwafrika usio na pua wala shavu, na katikati yake meno yakimeta peke yake. Wachora katuni wa Ulaya na Amerika walikuwa tayari wamemchora mtu mweusi kwa macho na meno tu, na kuanzia mwaka 1933 kiwanda kimoja cha Shanghai kiliuza dawa ya meno iliyoitwa Darkie, yenye sura ya namna hiyo juu ya kasha. Jina hilo halikubadilishwa kuwa Darlie hata mwaka 1989. Filamu mbaya iliithibitisha katuni mbaya. Fundi hodari wa Afrika ya Mashariki, kwa hiyo, alifanya mara nyingi kinyume cha kazi ninayoieleza: aliutunza uso upate mwanga wa kutosha, kisha akayapunguza meno makali yasimeze sura. Yafaa jambo hili likumbukwe na wale wanaodhani kwamba kurekebisha meno maana yake ni kuyafanya meupe siku zote.

Mafundi hao walikuwa nani? Zanzibar ilikuwa na studio tangu karne ya kumi na tisa, na jina la A. C. Gomes, Mgoa, bado lasomeka chini ya picha nyingi za zamani za kisiwa kile. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Dar es Salaam, wakati wa Wajerumani, ilikuwa na Walther Dobbertin. Mombasa ilimpata N. V. Parekh, aliyeifungua studio yake mwaka 1942, na ambaye Waswahili, Wahindi na Waarabu wa mji ule walikwenda kwake wakiwa wamevaa vizuri kuliko siku ya Idi. Lamu ilikuwa na Omar Said Bakor, aliyejifunza mwenyewe, akakata na kuunganisha picha kwa namna iliyowashangaza wataalamu wa baadaye. Studio za namna hii zilikuwa na pazia, kiti, kioo cha kujitazamia na kitana. Aliyepigwa picha aliambiwa arudi siku nyingine. Kati ya siku ile na ya kurudi, fundi alikaa na uso wake mezani.

Naona jambo hili la kurudi lina uzito kuliko linavyoonekana. Aliyekuja kupigwa aliweza kusema: lile kovu liache, baba alinipa kwa bakora na nalipenda; lakini huu weusi wa jino uondoe. Au alinyamaza, na fundi akakisia kutokana na adabu ya mji wake. Kwa vyovyote, urekebishaji ulikuwa mapatano kati ya watu wawili wanaojuana, na ulihusu uso mmoja. Uchache wa saa ulimlazimisha fundi achague. Asingeweza kugusa kila kitu, kwa hiyo aligusa kile tu kilichoombwa au kilichopasa.

Kilichoivunja kazi ya penseli kilikuwa ule udogo wa filamu, kabla kompyuta haijafika. Leica, kamera ya Ujerumani iliyoanza kuuzwa mwaka 1925, ilitumia filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35. Picha yake nzima ni milimita 24 kwa 36. Jino katika negativu hiyo ni kama chembe ya mchanga, na hakuna penseli iliyochongwa hata ikaliweza. Kisha rangi zikaja, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Noritsu ya Japani ikatoa mashine iliyosafisha filamu na kuchapa picha dukani mbele ya mteja, bila chumba cha giza. Mashine hizo zilienea duniani, na miji yetu nayo ikazipata. Mtu aliacha filamu yake asubuhi akachukua picha zake jioni. Kuhusu meno hakuna aliyeulizwa wala aliyejibu. Mashine haikujua jino ni nini.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji mwanafunzi wa historia atulie. Katika miaka hiyo, tuseme tangu 1980 hata 2005 hivi, watu wa kawaida wa Afrika ya Mashariki walipigwa picha nyingi kuliko wakati wowote wa nyuma, na picha hizo hazikuguswa. Harusi, ubatizo, maulidi, kipaimara, kuhitimu darasa la saba, kusimama mbele ya basi jipya: zote zimo katika albamu za plastiki, rangi zake zikianza kuelekea wekundu kwa uzee, na meno yamo kama yalivyokuwa. Mwenye floridi ana floridi yake. Mwenye pengo ana pengo lake, na jino la dhahabu ni la dhahabu. Picha za studio za nyuma yake ziliguswa kwa penseli, na za mbele yake zimeguswa kwa kompyuta. Katikati pana dirisha la miaka kama ishirini na mitano. Mtafiti wa afya, wa desturi, au wa lishe ambaye angependa kujua watu walikuwaje hasa, na atazame dirishani humo. Albamu hizi hazimo katika maktaba yoyote kubwa. Zimo chini ya vitanda, Kihesa na kwingineko, na mchwa huzila.

Kompyuta ilileta mambo kwa ngazi. Programu ya Photoshop, waliyoianza ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, iliuzwa kwa mara ya kwanza mwaka 1990. Njia ya kwanza ya kuyafanya meno meupe kwa programu hiyo ilifanana sana na ya penseli kwa subira yake: uliyazungushia meno mstari kwa mkono, ukaulainisha ukingo wake ili mshono usionekane, ukapunguza manjano peke yake, kisha ukaongeza mwanga kidogo. Mafundi wazuri walikuwa na kanuni yao, kwamba jino lisiwe jeupe kuliko weupe wa jicho, na ni kanuni ya busara, maana aliyeivunja aliumba mtu asiyekuwako. Kazi hiyo ilichukua dakika chache kwa uso mmoja. Kwa uso mmoja si kitu. Lakini kwa mahafali ya watu 300, kila mmoja dakika nne, ni dakika 1,200, yaani saa ishirini za kukaa ukitazama meno ya watu. Hapo ndipo hamu ya kuharakisha ilipotoka, na mimi siilaumu. Mwenye studio ana kodi ya kulipa, na umeme hauna hakika.

Mwaka 1996 Photoshop ilipata uwezo wa kurekodi hatua na kuzirudia kwa amri moja. Mwaka 2008 programu ya Lightroom ilitoa brashi ya kurekebisha, ambayo ulipitisha tu juu ya meno. Mwaka 2013 kampuni ya Lightricks ya Yerusalemu ilitoa Facetune, na kazi ikatoka mezani ikaingia kiganjani: mwenye uso akawa fundi wa uso wake. Na mwaka 2022 Lightroom ikaweza kuyatafuta meno yenyewe katika kila sura, bila mstari na bila brashi, na kuyatenga peke yake. Saa ishirini zikawa muda wa kunywa chai.

Ni nini kilichopotea katika mwendo huo wa haraka? Niseme kwanza kilichopatikana, maana si haki kukificha. Kijana aliyetoka Arumeru, aliyefunga mdomo katika kila picha tangu darasa la kwanza kwa kuogopa utani wa wenzake, aweza kucheka katika picha ya mahafali yake na kuitundika nyumbani. Mwenye kuliita jambo hili udanganyifu na aulize kwanza kama yeye alikunywa maji yale. Picha ya mahafali si hati ya mahakama, ni zawadi kwa mama. Na adabu ya kumfanyia mtu uso mzuri ni ya zamani kuliko kamera. Wachoraji wa wafalme waliijua, na mafundi wa penseli pia.

Lakini mashine haina adabu. Ina kipimo tu. Amri ya kupunguza manjano, iliyorekodiwa kwa uso wa mmoja na kupitishwa juu ya nyuso mia tatu, haijui kwamba mtu wa mia na kumi na saba ana jino la dhahabu. Manjano yakiondolewa katika dhahabu hubaki rangi ya risasi. Nyanya aliyekuja mahafalini akasimama karibu na mjukuu wake, pambo la ujana wake likimeta, hutoka katika picha na jino la bati. Amri hiyo haijui tambuu. Huingia katika ufizi na katika midomo, ikaifanya kama ya mgonjwa. Kivuli kidogo kilicho katika mwanya, kinachomwambia mtazamaji kwamba hapo pana nafasi, hung'arishwa pamoja na meno, na mwanya huonekana kama umezibwa. Haya ni makosa ya ufundi, na fundi mwangalifu huyaona akayaondoa. Kosa lililo kubwa zaidi halionekani kabisa: hakuna aliyeombwa ruhusa. Mwanafunzi hakusema meno yangu yaondoe rangi. Yaliondolewa kwa kuwa yalikuwa katika faili moja na ya wenzake.

Na simu zimekwenda mbele kuliko studio. Nyingi huirekebisha sura wakati ule ule wa kupiga, kabla picha haijahifadhiwa. Viko viwanda, kama kile cha simu za Tecno, vilivyojitahidi kuzipima kamera zao kwa ngozi nyeusi, na kwa hilo vimetutendea haki ambayo filamu ya zamani ilitunyima kwa muda mrefu. Lakini mahali palipowashwa kirembeshaji cha sura, hakuna tena picha ya kwanza na picha ya pili kama zile za Hanfstaengl kule Paris. Iko moja tu, nayo imekwisha kuguswa.

Cha ajabu ni kwamba studio hiyo hiyo ya Kihesa, siku hiyo hiyo, humpiga mwanafunzi huyo huyo picha nyingine ambayo haithubutu kuigusa. Kanuni za kimataifa za hati za kusafiria, zinazotungwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, hutaka uso usiobadilishwa, usio na tabasamu, na mdomo uliofungwa. Serikali za dunia, zilipohitaji kumjua mtu kwa hakika, ziliyakataa marekebisho na zikayakataa meno pia. Mwanafunzi basi huondoka na sura mbili katika bahasha moja: moja ya kweli isiyo na meno, na moja yenye meno yasiyo yake.

Mjini Iringa, katika jengo la Boma lililojengwa na Wajerumani likiwa hospitali, pana makumbusho ya mkoa yaliyofunguliwa mwaka 2016 kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Iringa. Wageni hutazama humo picha za zamani za nchi ya Wahehe. Ningependa siku moja iwekwe humo meza ya fundi wa penseli, na juu yake negativu moja ya kioo, ili mwanafunzi aishike kwa pembeni na kuielekeza mwangani. Negativu iliyoguswa ikitazamwa hivyo huonyesha mkono wa fundi: mistari midogo inayong'aa kama njia za konokono, hapa juu ya shavu, pale juu ya jino. Tena utomvu ule na penseli ile huondoka kwa pamba iliyochovywa katika tapentaini, na chini yake uso wa mtu upo kamili, kama ulivyokaa mbele ya lenzi. Kompyuta nayo yaweza kutunza hivyo, kwa kuyaweka marekebisho katika tabaka lake mbali na picha. Photoshop imekuwa na matabaka tangu mwaka 1994. Lakini matabaka hujaza nafasi, na msimu wa mahafali nafasi ni haba. Kwa hiyo faili hubanwa tabaka zote zikawa moja, ikahifadhiwa juu ya ile ya kwanza kwa jina lile lile, na kadi ya kamera ikafutwa ili ipokee nyuso za kesho.